Picha Inayoona Ndani ya Tumbo

Somo letu la leo linahusu kitu ambacho wengi wetu tunakijua kwa sababu ya akina mama wajawazito, yaani ile picha ya tumbo inayoitwa altrasaundi. Lakini leo hatuzungumzi juu ya mimba. Tunazungumza juu ya ugonjwa ambao, usipofikiriwa, mtu anaweza kutibiwa miaka mingi kwa dawa zisizo zake.

Nianze na kisa. Katika kikundi kimoja cha akina mama karibu na Kitale, mama mmoja alianza kufura tumbo pole pole. Bwanake alikuwa kazini Mombasa na hakuwa amefika nyumbani karibu mwaka mzima. Basi mnajua wenyewe maneno ya kisimani. Mama akaacha kuja mikutanoni. Kwa zahanati alipewa dawa ya amiba, halafu ya minyoo, mwishowe akaambiwa ati ni bandama. Jirani naye akamwambia kuna mtu anayejua kutoa maji ya tumbo kwa sindano, tena kwa bei nafuu. Kumbukeni hiyo sindano, nitairudia.

Wenzake walimfuata nyumbani. Zamu yake ya pesa za mzunguko ilikuwa bado miezi minne, wakakubaliana apewe sasa aende hospitali kubwa. Mimi nilimsindikiza. Mpiga picha alimpaka yale mafuta ya baridi, akapitisha chombo upande wa kulia chini ya mbavu, akanyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Mama, ulizaliwa wapi?" Akajibu, "Turkana, upande wa Lokichoggio." "Na nyumbani mlikuwa na mbwa?" Mama akanitazama mimi. Mbwa wameingiaje hapa?

Wameingia hivi. Kuna tegu mdogo sana anayeishi ndani ya utumbo wa mbwa. Mayai yake hutoka na mavi ya mbwa, yakashika kwenye manyoya, udongo, maji na vyombo. Mbuzi, kondoo au ngamia akiyameza, ndani ya ini au mapafu yake hutokea mfuko wa maji. Mnyama akichinjwa na mbwa akatupiwa lile ini bovu, tegu huanza upya. Binadamu akimeza mayai hayo, hasa mtoto anayecheza na mbwa, naye huota mfuko kama wa mbuzi. Ugonjwa huu unaitwa haidatidi. Mtu hamwambukizi mwenzake, wala hauji kwa kula nyama, bali unatokana na uchafu wa mbwa.

Shida ni kwamba mfuko hukua pole pole bila maumivu. Mtoto anaupata manyattani, na tumbo linafura akiwa mama wa watoto wanne, mbali na kwao, mahali ambapo daktari pengine hajawahi kuuona ugonjwa huo. Sehemu nyingi za nchi yetu ni ugonjwa wa nadra, lakini Turkana umejulikana kuwa mwingi kuliko karibu kila mahali duniani. Ndiyo sababu yule mpiga picha aliuliza swali kwanza. Mashine inaonyesha mfuko wa maji tu, na mifuko ya maji iko ya namna nyingi. Jibu la mama ndilo lilimwambia ni mfuko gani.

Altrasaundi hufanya kazi kwa sauti ambayo sikio letu halisikii. Sauti inaingia mwilini, inagonga, inarudi kama mwangwi, na mashine inachora. Maji yanatokea meusi, nyama ya kijivu. Haina miale kama eksirei, kwa hiyo hata mama mjamzito hupigwa. Ndani ya mfuko wa haidatidi mara nyingine huonekana vifuko vidogo vimepangana kama sega la asali, au ngozi ya ndani imebanduka inaelea. Hapo mwenye ujuzi hana shaka tena. Lakini sauti hii haipiti vizuri kwenye hewa, kwa hivyo mfuko ulio kwenye mapafu hutafutwa kwa eksirei ya kifua.

Jambo hili lilijulikana vizuri hapa hapa Kenya. Shirika la AMREF lilianza mradi wa kuzuia ugonjwa huu Turkana mwaka 1983, na watu wake walizunguka na mashine ndogo ya kubebwa, wakawapiga picha wafugaji huko huko waliko. Mwaka 1987 matokeo yalichapishwa katika jarida la madaktari liitwalo Lancet. Picha ilikuwa imewapata watu ambao kipimo cha damu kiliwapita. Kabla ya hapo, mwaka 1981, daktari Gharbi wa Tunisia alikuwa amepanga picha za mifuko hii kwa makundi, na mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani likatoa mpango wake, kutoka mfuko ulio hai hadi uliokufa na kuwa mgumu kama chokaa. Mpango huo una maana sana kwa mgonjwa. Mfuko uliokufa mara nyingi huachwa, unachunguzwa kwa picha tu. Mdogo ulio hai waweza kutibiwa kwa albendazoli, dawa ile ile ya minyoo, lakini kwa miezi na chini ya daktari. Mwingine hufyonzwa kwa sindano ikiongozwa na picha, mwingine hupasuliwa.

Sasa ile sindano ya jirani. Maji ya mfuko huu yakimwagika tumboni, mwili unaweza kushtuka ghafla na mtu akafa hapo hapo. Akipona, mbegu zilizomwagika huota mifuko mingine. Hospitalini hutoboa baada ya kuona picha, dawa imeshaanza, na vifaa vya kumwokoa mgonjwa viko tayari. Kwa hiyo tumbo lililofura lisitobolewe kabla ya picha, na mtu yeyote.

Mama wetu alipasuliwa. Alipopata nguvu alileta ile karatasi ya picha mkutanoni, ikapita mkono kwa mkono. Wale waliosema sana kisimani waliitazama kwa muda mrefu kuliko wengine.

Kuhusu mbwa, nitasema kwa kifupi kwa sababu tulilisoma zamani. Maini na mapafu yenye mifuko yachomwe au yafukiwe kwa kina, mbwa wapewe dawa ya tegu, mikono ioshwe.

Jadilianeni:

Kwetu, mtu akifura tumbo husemwa nini, na ni nani huumia kwa maneno hayo?

Ni nani kati yetu alikulia kwa wafugaji na mbwa? Je, akienda hospitali huwa anamwambia daktari?

Altrasaundi iliyo karibu nasi iko wapi na ni pesa ngapi? Mmoja aende akaulize kabla ya mkutano ujao, tuandike jibu kwenye daftari la kikundi.