"Dada, Tuma Hela ya Tairi": Lipi la Kuziba, Lipi la Kubadilisha, na Spea ni ya Nini

Somo la leo linaanza na ujumbe ambao wengi wetu tumewahi kuupata, tena kabla mshahara haujaingia:

"Shikamoo dada. Gari imepata pancha juzi, tairi imekufa. Nimefunga spea nafanya nayo kazi. Naomba laki na nusu ninunue nyingine."

Tuseme dada huyu yuko Muscat, kazi za ndani. Gari ni dogo tu, kalinunua kwa akiba yake, na mdogo wake analiendesha teksi Tanga. Mama yao naye hupanda gari hilohilo kwenda kliniki. Dada ana njia tatu: atume laki na nusu yote, atume kidogo na kusema "kazibe tu", au anyamaze akidhani anapigwa. Zote tatu ni kubahatisha, kwa sababu tairi lenyewe hajaliona. Twende hatua kwa hatua tuone cha kuuliza kabla hujaenda kutuma pesa.

1. Spea si tairi la kufanyia kazi

Katika ujumbe ule, maneno ya kutisha si "tairi imekufa". Ni "nafanya nayo kazi".

Spea ziko za aina mbili. Kuna ya saizi kamili, sawa na matairi mengine. Na kuna ile nyembamba, mara nyingi ina kibandiko cha njano kwenye rimu. Hiyo nyembamba imetengenezwa ikufikishe kwa fundi, basi. Kwa kawaida imeandikwa ubavuni mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa, na upepo wake ni psi 60, wakati matairi ya kawaida ya gari dogo huwa karibu psi 30 hadi 35. Wengi huijaza upepo sawa na mengine, na hapo wameshaiharibu.

Kwa nini isifanye teksi? Inagusa barabara kwa sehemu ndogo, kwa hiyo breki zinachelewa kushika, hasa mvua ikinyesha. Tena kimo chake mara nyingi ni kidogo kuliko mwenzake wa upande wa pili, kwa hiyo inazunguka haraka zaidi. Ikifungwa kwenye magurudumu yanayovuta gari, difu inafanya kazi ya ziada muda wote, na kutengeneza difu ni ghali kuliko tairi. Kama gari linavutwa na magurudumu ya mbele na pancha imetokea mbele, toa tairi zima la nyuma ulipeleke mbele, halafu spea nyembamba ufunge nyuma.

Spea ya saizi kamili inaweza kutumika, lakini iangaliwe umri na upepo. Raba huzeeka hata kama haijatembea. Spea iliyolala kwenye buti miaka kumi inaweza kuonekana mpya na kumbe imeshakauka.

2. Pancha gani inazibika?

Mwulize fundi au dereva maswali matatu.

*Tundu liko wapi?* Likiwa katikati, sehemu inayokanyaga barabara, linazibika. Likiwa ubavuni au kwenye bega la tairi, halizibiki. Ubavu hujikunja kila tairi linapozunguka, kiraka hakikai.

*Tundu ni kubwa kiasi gani?* Kwa gari dogo, mwisho ni milimita 6, yaani tundu la msumari. Mpasuko wa chuma au jiwe si pancha tena.

*Gari lilitembea bila upepo?* Hili ndilo wengi hawaulizi. Tairi lililotembea limelala chini huumia kwa ndani, hata kama nje halina alama. Likifunguliwa unakuta ungaunga wa raba nyeusi, na ubavu wa ndani umechubuka. Hilo usizibe. Linaweza kupasuka baadaye, gari likiwa kwenye mwendo.

3. Kuziba kuko kwa namna mbili

Ya kwanza ni ule uzi wenye gundi unaosukumwa kutoka nje, tairi likiwa bado kwenye rimu. Ni haraka na ni rahisi, unakutoa njiani. Lakini fundi hajaona ndani, kwa hiyo hajui kama ubavu umeumia.

Ya pili, tairi linatolewa kwenye rimu, linakaguliwa ndani, panasuguliwa, halafu panawekwa kiraka chenye kishina kinachojaza tundu kama uyoga. Hii ndiyo ya kudumu kwa matairi yasiyo na tyubu. Gharama inazidi kidogo. Ukiwa mbali, ilipie hiyo, na omba picha ya kiraka kabla tairi halijarudishwa kwenye rimu.

Baada ya kufunga gurudumu lolote, nati zikazwe kwa kukingamana, si kwa kuzunguka mduara. Zikazwe tena gari likitembea kilomita 50 hadi 100.

4. Soma umri wa tairi kwenye picha

Ubavuni tafuta herufi DOT. Mwisho wa mstari huo kuna tarakimu nne. Ukiona 2319, tairi limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukiona upande mmoja hazipo, tazama upande wa pili.

Kisha tazama kashata. Ndani ya mifereji kuna vinundu vidogo vya raba. Kashata zikilingana na vinundu hivyo, zimebaki milimita 1.6, na tairi limekwisha. Wenzetu mlioko Uingereza mnajua kuwa hicho ndicho kiwango cha sheria, na faini inaweza kufika pauni 2,500 na pointi 3 za leseni kwa kila tairi bovu. Nyumbani huenda usisimamishwe, lakini maji ya mvua hayajali uko nchi gani.

Jihadhari pia na tairi kipara lililochongwa mifereji mipya kwa kisu cha moto. Linang'aa, ila vinundu havionekani na mistari imepinda. Limepunguzwa raba juu ya raba iliyokwisha.

5. Hesabu ya mtumba

Sisemi mtumba wote ni mbaya. Nasema upige hesabu. Tuseme tairi jipya ni shilingi 150,000 na litafanya teksi miezi 24. Hiyo ni 6,250 kwa mwezi. Tairi la mtumba ni 60,000, nalo linafika miezi 8. Hiyo ni 7,500 kwa mwezi. La bei rahisi ndilo ghali, na bado hujahesabu siku gari lililolala. Weka bei za kwenu, hesabu ni hiyohiyo.

Njia ya kuepuka ujumbe wa usiku ni hii: kwenye hesabu ya kila siku anayoleta dereva, elfu moja iwe ya matairi, isiguswe. Siku 26 za kazi ni 26,000 kwa mwezi. Kwa miezi 24 ni 624,000, matairi manne mapya, na hujatuma hata riali moja.

6. Ujumbe wa kujibu

Usijibu kwa hasira wala kwa shaka, mdogo wako naye ana heshima yake. Nakili hapa:

"Marahaba mdogo wangu, pole na pancha. Kwanza simamisha teksi, spea si ya kazi. Nitumie picha hizi: tundu lilipo, ndani ya tairi likishatolewa kwenye rimu, zile tarakimu nne, na kashata za matairi yote manne. Nikiziona natuma leo."

Ona hapo, umeomba picha za matairi *yote*. Turudi kwa dada yetu wa Muscat. Tuseme picha zimefika. Tairi "lililokufa" lina msumari katikati kabisa, na ndani ni safi. Hilo ni la kuziba, elfu chache. Lakini kwenye picha ya nne, tairi la mbele kushoto, ambalo hakuna aliyelitaja, limekwisha upande wa ndani mpaka nyuzi zinachungulia. Hilo ndilo lililokuwa likimpeleka mama kliniki.

Laki na nusu ni ileile. Imekwenda kwenye tairi lingine. Mdogo hakudanganya, aliona lililopoteza upepo tu. Tena tairi linalokwisha upande mmoja lina sababu yake. Gari lipelekwe kupimwa alaimenti, la sivyo na jipya litaliwa vilevile.

Na sisi tulioko huku

Wenye magari ya kuchangia kwenda saiti, haya yanawahusu pia. Joto la Ghuba huzeesha raba haraka, na tairi lenye upepo mdogo hupata joto zaidi kwa sababu linajikunja sana. Pimeni upepo asubuhi kabla gari halijatembea, fuateni namba iliyobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, na msisahau spea. Fungua buti leo uone kama ipo. Magari mengi ya siku hizi hayana, yamewekewa kichupa cha dawa ya kuziba na kipampu tu, na dawa hiyo haisaidii ubavu uliochanika.

Kazi ya wiki hii: omba picha nne za matairi ya gari la nyumbani, kabla hujaombwa pesa.