Safu na Silabi: Kupanga Kurasa za Jarida la Muziki wa Roki kwa Kiswahili

Upangaji wa kurasa za jarida huanzia kwenye upana wa safu, na upana huo hutegemea lugha. Rolling Stone, jarida la roki lililoanzishwa San Francisco mwaka 1967, huandikwa kwa Kiingereza, lugha yenye maneno mafupi mengi. Mhariri wa Kiomboi, wilayani Iramba, anayetaka kuandaa jarida la aina hiyo kwa Kiswahili, akiiga safu nyembamba za Kiingereza atatatizwa na vitenzi. Neno waliotutumbuiza, kwa mfano, hubeba kiima, njeo, kirejeshi, yambwa na shina katika herufi 15. Katika safu ya herufi 20, neno hilo lisipoenea huacha pengo mstarini au hukatwa. Likikatwa walio-tutumbuiza, silabi na mofimu husalimika. Likikatwa waliotutum-buiza, silabi mbu huvunjika. Msomaji wa Iramba hukwazwa na mkato huo, kwa kuwa Kinyiramba, kama Kiswahili, ni lugha ya Kibantu yenye silabi wazi. Hivyo basi, mhariri hana budi kupima safu kwa vitenzi virefu vya matini yake kwanza, ndipo achague ukubwa wa herufi na nafasi ya picha.