Mishono ya Utumbo: Maelezo kwa Kaya za Kyela na Mwambao wa Ziwa Nyasa

Nchi ya Kyela haikunyimwa neema. Mpunga wake una sifa hadi katika masoko ya Dar es Salaam, migomba na michikichi husitawi nyuani, na huko Matema wavuvi hupandisha samaki pwani; hata hivyo mikoa ya Nyanda za Juu Kusini, iliyo ghala ya chakula ya taifa, imekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa mikoa yenye watoto wengi waliodumaa, na mzazi amwonaye mwanawe akila na kushiba, ilhali kimo chake hakiongezeki, ana haki ya kuuliza chakula hicho huenda wapi.

Sehemu ya jawabu imo katika utumbo mwembamba. Ukuta wake wa ndani umefunikwa na tabaka moja tu la seli, ambazo hufanywa upya kila baada ya siku 3 hadi 5, nazo hushikamana ubavu kwa ubavu kwa protini maalumu, mfano wa kili zilizoshonwa kuwa mkeka, hata kisiweze kupita ila kile kilichopewa ruhusa. Mishono hiyo ikiwa imara, lishe huingia katika damu na uchafu hubaki nje. Ikilegea, maji na chumvi za mwili huvujia utumboni, na sumu za vijidudu hupenya mwilini, ambako kinga hupigana nazo bila ya kupumzika, ikitumia nguvu ambazo zingalimkuza mtoto.

Wako bakteria ambao hukata mishono hiyo hasa. Kampilobakta, akaaye matumboni mwa kuku aghalabu bila ya kuwadhuru, hutoa kimeng'enya kinachokata kadherini, protini inayoziunganisha seli. Na bakteria wa kipindupindu, mbali na sumu yake mashuhuri inayozilazimisha seli kumwaga maji, anacho kimeng'enya kinachokata okludini, protini nyingine ya mishono hiyo, na mwaka 1991 watafiti wa Baltimore, Marekani, walieleza sumu yake nyingine inayolegeza mishono hiyo hiyo.

Madhara haya hayangoji mtoto aharishe, na hili ndilo ambalo wengi wetu hatukulizingatia. Huko Haydom, mkoa wa Manyara, katika uchunguzi uliofanywa pamoja na nchi nyingine 7, watoto walifuatwa tangu kuzaliwa. Walinyweshwa sukari za aina mbili, moja ya chembe ndogo na moja ya chembe kubwa isiyostahili kupenya, kisha mkojo wao ukapimwa. Ilidhihirika kwamba walioambukizwa kampilobakta mara kwa mara, hata wasioharisha, walikuwa na utumbo unaovuja zaidi na kimo pungufu.

Basi tazama uani pako. Kuku apitaye jikoni huacha kinyesi chake pale pale atambaapo mtoto, na mkono ulioshika udongo huo huenda kinywani kabla mama hajageuka. Kuku ni mali, wala hatusemi wauzwe. Wajengewe banda, wafungiwe, na mtoto atandikiwe mahali safi.

Masika yanapopamba moto, Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe hufurika, vyoo vya shimo hujaa, na kisima kifupi huchanganyika na yaliyomo chooni. Maji ya kunywa wakati huo yachemshwe au yatiwe dawa, hata yakiwa maangavu. Ng'ambo ya Songwe, nchini Malawi, kipindupindu kilichoanza Machi 2022 kiliua watu zaidi ya 1,700, na maradhi hayajui forodha ya Kasumulu.

Kwa rehema ya Mungu, ipo njia moja ambayo kipindupindu hakiizibi: mlango wa seli unaopitisha chumvi na sukari kwa pamoja, na maji yakafuata. Ndiyo hikima ya pakiti ya ORS, inayokorogwa katika lita 1 ya maji safi. Ikikosekana, tia vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, katika lita hiyo hiyo. Chumvi isizidi, kwani ikizidi hudhuru. Mtoto wa miezi 6 na zaidi aliyeharisha hupewa pia zinki, miligramu 20 kwa siku, kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma, na anyonyaye aendelee kunyonya.

Anayeharisha majimaji meupe mfululizo, au ambaye macho yamebonyea na mkojo umekatika, asingojewe mpaka asubuhi: mnyweshe njiani kidogo kidogo, na umfikishe kituo cha afya usiku huo huo.