Somo la Nne: Mwongoza Watalii na Ahadi ya "Asili kwa Wote"

Kijana wa Ubena anayetaka kuwa mwongoza watalii amejaliwa mahali pazuri pa kuanzia. Barabara kuu ya Morogoro inapita mlangoni kwake, na upande wa mashariki, kuelekea baharini, yako magofu ya Kaole, mikoko ya Bagamoyo na Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa rasmi mwaka 2005, ambako nyika hukutana na Bahari ya Hindi.

Siku hizi wapo waongozaji wanaotangaza matembezi ya kutuliza nafsi na safari zinazopokea watu wote. Wazo hilo ni jema, wala si geni. Nchini Japani, idara ya misitu ilianza mwaka 1982 kuwahimiza wananchi watembee msituni polepole kwa ajili ya afya. Lakini tangazo ni ahadi, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Anayeandika "kwa wote" amekwisha kumwambia mtumiaji wa kiti mwendo kwamba atafika.

Tuchukue mfano tulioutunga kwa ajili ya somo hili. Mama mmoja anayetumia kiti mwendo analipia, pamoja na binti yake, matembezi ya magofuni na mikokoni. Magurudumu yanazama mchangani kabla hawajaifikia mikoko. Mwongozaji anawaita vijana wawili, nao wanamnyanyua mama juu juu bila kumuuliza. Wakati wa kurudi, maji yanajaa na haraka inaongezeka. Hakuna aliyeumia. Mwongozaji anarudi nyumbani akiamini kwamba ametenda wema, na mama anarudi akiwa amefedheheka mbele ya binti yake. Kwa maoni yetu, huduma iliyolipiwa haikutolewa. Siku ya kupokea fedha ingetosha kusema: "Magofuni tutafika; mikokoni kiti hakipiti." Pengine mama angechagua kukaa magofuni muda mrefu zaidi kwa bei ndogo. Pengine angekubali kubebwa, lakini kwa namna anayoitaka yeye.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mwanafunzi ni kuijua njia kwa kuipima. Apite na futi ya kupimia na daftari. Aandike upana wa njia, idadi ya ngazi, mahali penye kivuli, penye benchi na penye choo, na kama mlango wa choo hicho unaruhusu kiti kupita. Aandike pia maji. Pwani yetu bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji husogea mbali zaidi kuliko siku za maji mafu. Wavuvi wanalijua hili kuliko kitabu chochote, waulizwe.

Baada ya njia, ajue watu. Mteja mwenye ualbino apangiwe saa za asubuhi au jioni, na vituo vya kupumzikia viwe kivulini. Asiyeona aelezwe kilichopo, na pale inaporuhusiwa aguse gome la mkoko au asikie uzito wa ganda la mbuyu. Kuta za kale za Kaole zisiguswe bila idhini ya wahifadhi. Kiziwi asemeshwe ana kwa ana, na mwongozaji ajifunze walau alama chache. Na daima aulizwe mhusika mwenyewe. Kumuuliza msaidizi "huyu atakula nini?" wakati mwenyewe amekaa hapo ni kosa dogo linaloumiza sana.

Kuhusu afya, tahadhari. Inaruhusiwa kusema kwamba kutembea kwenye utulivu hupumzisha akili. Hairuhusiwi kudai kwamba kunaponya kisukari, shinikizo la damu au sonona. Mwongozaji si tabibu. Wajibu wake ni maji ya kunywa, sanduku la huduma ya kwanza na namba ya simu ya kituo cha afya kilicho karibu. Mto Wami una mamba na viboko, na ndani ya hifadhi matembezi ya miguu hufanywa pamoja na askari mwenye silaha. Hakuna punguzo la bei linalohalalisha kumkwepa.

Mafunzo yanapatikana katika Chuo cha Taifa cha Utalii, na kwa upande wa wanyamapori katika chuo cha Mweka, Kilimanjaro, kilichoanzishwa mwaka 1963. Cheti peke yake hakitoshi, kwani Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 inataka leseni. Nawe mteja, omba kuiona leseni hiyo kabla ya kulipa. Dai risiti, na dai maandishi yanayotaja njia, muda, vyombo vya usafiri na kama msaidizi wako atatozwa.

Zoezi: Chagua njia moja usiyozidi nusu saa kuimaliza karibu na kwenu. Ipite mara mbili, mara ya pili ukiwa na mtu anayetumia kiti mwendo, fimbo nyeupe au mkongojo, kwa ridhaa yake. Kisha andika tangazo la mistari mitano, umsomee, na ufute kila neno atakalolikataa.