Namna ya Kuzuru Ujiji na Kigoma kwa Mpenda Turathi

Wageni wengi wanaofika Kigoma huanzia pale gari moshi au ndege ilipowashushia, wakapiga picha mbele ya stesheni, wakachukua bajaji hadi Ujiji kulitazama jiwe la ukumbusho wa msafiri Livingstone, kisha wakarejea hotelini kabla ya adhuhuri wakiamini kwamba wamekwisha kuuona mji. Mimi niliye mkazi wa hapa, niliyewatembeza jamaa na rafiki katika njia hizi hizi, nawanasihi wafuate mpangilio mwingine. Mji huu uliletwa na misafara kwanza, kisha reli, kisha meli, na anayeuzuru kwa kufuata nyayo hizo, akianza na wenyeji kabla ya majengo, huondoka na maarifa yasiyoandikwa katika kibao chochote.

Kabla ya kutoka

Njoo wakati wa kiangazi, baina ya Juni na Septemba, kwani mvua za masika huzigeuza njia za Ujiji kuwa tope. Tenga siku mbili kamili, na ikiwa mojawapo ni Ijumaa, usipange miadi yoyote wakati wa sala ya adhuhuri, maana Ujiji ni mji wa Waislamu tangu zama za misafara na shughuli nyingi husimama. Vaa nguo za stara, mwanamume kwa mwanamke, na uchukue fedha ndogo ndogo, kwa kuwa muuza kahawa hana chenji ya noti kubwa. Kamera usiielekeze bandarini wala stesheni kabla ya kuomba ruhusa kwa wahusika, na usimpige mtu picha kabla ya kumwamkia na kupata ridhaa yake.

Siku ya kwanza: Ujiji, tena asubuhi mapema

Kutoka katikati ya Kigoma hadi Ujiji ni mwendo usiozidi kilomita 10, na daladala hazikosekani. Teremka mapema, kabla jua halijawa kali, ushuke kwa miguu hadi ufukweni wanakoundwa vyombo. Hii ndiyo sanaa kongwe ya mji iliyo hai hadi leo, nami huwapeleka wageni hapo kabla ya mahali pengine popote. Utakiona chombo kikiwa mifupa mitupu, mkuku umelazwa juu ya magogo na mataruma yamesimama pande zote mbili, huku fundi akichonga ubao kwa tezo bila mchoro wa karatasi, kwa kuwa vipimo vyote amevihifadhi kichwani.

Ukibahatika kumkuta anayetia kalafati, simama umtazame kwa utulivu. Huchukua pamba, akaisokota kwa kiganja juu ya paja, akaichovya katika mafuta, kisha akaisukuma kwa patasi butu ndani ya mwanya ulio baina ya mbao mbili, akipiga nyundo kwa mpigo mmoja usiobadilika na kusikiliza. Mahali pamba ilipolegea mlio huwa mzito, na ilipokaza huwa mkavu, naye haendelei mbele mpaka sikio lake limeridhika. Fundi wa namna hii msalimie kwanza, umwulize habari za nyumbani, ndipo uulize habari za kazi, na ukiona amekujibu kwa ukunjufu, mwulize nani alimfundisha. Kwa suali hilo moja utasimuliwa habari za babu waliotoka Manyema ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, za Waha wa milimani, na za watu wa pwani waliofuata misafara wakafanya maskani hapa.

Kutoka ufukweni panda taratibu kupitia mitaa ya nyumba za udongo zenye baraza mbele. Keti mahali wazee wanapokunywa kahawa, lakini usikae kabla ya kukaribishwa, na shikamoo iwe ya kwanza kabla ya neno lolote.

Jumba la kumbukumbu, na yale ya kuuliza

Sasa umekuwa tayari kwa jumba la kumbukumbu la Livingstone. Lipa kiingilio, chukua stakabadhi, na umwombe mtunzaji akuongoze, kwa maana masimulizi yake yana thamani kuliko vibao vya ukutani. Utaonyeshwa mnara wenye ramani ya Afrika, miembe iliyopandikizwa kutokana na ule mwembe wa asili ambao chini yake wasafiri Livingstone na Stanley walikutana, na sanamu zao mbili wakisalimiana, ukumbusho wa makutano yao ya mwaka 1871.

Nakuomba usiishie kwa Wazungu hao wawili. Waulizie Abdullah Susi na James Chuma, watumishi ambao Livingstone alipofariki mwaka 1873 huko Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, waliukausha mwili wake na pamoja na wenzao wakauchukua mabegani hadi Bagamoyo, safari ya miezi mingi, wakafika mwaka 1874. Ulizia wapagazi waliobeba pembe za ndovu, chumvi ya Uvinza iliyouzwa kotekote, na, kwa moyo wa staha, watumwa waliovushwa ziwani kutoka Manyema, wakapitishwa hapa kuelekea Tabora na pwani. Miembe mikongwe ya Ujiji hutajwa daima pamoja na habari za njia ile, na mzazi anayemleta mtoto wake asimfiche habari hiyo, bali amweleze kwa kadiri ya umri wake, kwa sababu turathi iliyochujwa uchungu si turathi kamili.

Kabla hujaondoka, tazama umbali uliopo baina ya mnara na maji. Zama za Livingstone ziwa lilifika karibu zaidi, kwani maji yalikuwa juu mpaka kwenye mwaka 1878, Mto Lukuga wa upande wa Kongo ulipozibua mkondo wake na ziwa likaanza kushuka. Fahamu jambo hili na siku ya pili itakuelea vyema, kwa sababu ufuko wa Ujiji ulikuwa na maji haba, na waliokuja na reli walitafuta ghuba yenye kina.

Siku ya pili: stesheni na bandari

Ghuba hiyo ni Kigoma. Wajerumani walifikisha reli hapa Februari 1914, miezi michache kabla ya Vita Kuu, na stesheni yao ingali ikipokea abiria. Simama ng'ambo ya barabara uitazame yote kwa pamoja, kisha ukumbuke kwamba kwa njia hiyo ya reli iliteremshwa meli nzima vipande vipande. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikapakiwa katika maelfu ya makasha, ikaungwa upya hapa na kushushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isitekwe, lakini mafundi waliipaka mitambo yake mafuta mazito kwanza. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, ikawahudumia watu wa mwambao huu kwa miaka mingi ajabu. Omba ruhusa ya kuingia bandarini, na ukikataliwa, kaa na mabaharia wazee nje ya lango, ambao wataitaja bandari moja baada ya nyingine hadi Kasanga na Mpulungu.

Mchana pita soko la Mwanga, utazame vitenge vya Kongo na ushonaji wake, na ununue sabuni ya mawese kwa aliyeitengeneza. Jioni nenda Kibirizi au Katonga wakati mitumbwi inapojiandaa. Wavuvi wa dagaa hutegemea giza ili taa zao ziwavute samaki, na mbalamwezi inapokuwa kamili wengi hupumzika, basi tazama kalenda ya mwezi kabla ya kupanga safari. Ukipata migebuka ya kuchoma kwa ugali wa muhogo, umekula chakula cha ziwa hili hasa.

Deni la mgeni

Jambo la mwisho nalisisitiza kuliko yote. Mafundi wa vyombo na wazee wa barazani wanapungua kila mwaka, na sehemu kubwa ya elimu yao haijapata kuandikwa. Kwa hiyo njoo na daftari, au simu yenye kinasa sauti, uombe idhini, uandike jina la mzungumzaji kama anavyotaka liandikwe, na kabla ya kuondoka umwachie yeye au wanawe nakala ya yote uliyoyachukua, kisha uwalipe mafundi bei stahiki kwa wakati wao. Mgeni afanyaye hivyo huwa amewasaidia watu wa Ujiji kuihifadhi tarikhi yao wenyewe, nami sioni sababu nyingine iliyo bora ya kuuzuru mji.