Kukagua Wadudu katika Mashamba ya Zabibu Dodoma: Mwongozo kwa Wakulima na Wasimamizi

1. Kalenda hufuata mkasi

Ulaya, majira ya baridi huulaza mzabibu, na wadudu wengi hukosa chakula. Dodoma mzabibu haulali. Huvunwa mara mbili kwa mwaka, kati ya Februari na Aprili, kisha Agosti na Septemba. Kila ukipogoa, machipukizi laini hutoka, na wadudu huyafuata. Kwa hiyo usitazame mvua peke yake. Hesabu pia wiki tangu siku ya kupogoa.

2. Nani huja lini

*Mchwa.* Huzidi kiangazi, malisho mengine yakikauka. Dalili ni njia za udongo zinazopanda kwenye shina au nguzo. Zikwangue uone kama gome limeliwa.

*Vithiripi.* Huongezeka wakati wa ukavu na maua, na mvua kubwa huwapunguza. Kung'uta shada la maua juu ya karatasi nyeupe: ukiona vijidudu vyembamba vya manjano vikitambaa, ndio hao. Punje walizozikwaruza hubaki na makovu ya kahawia.

*Vidung'ata.* Hujificha chini ya magome, kisha hupanda kwenye vichala zabibu zikikaribia kuiva. Huonekana kama unga mweupe. Utamu wanaoutoa hunata na kuota ukungu mweusi kama masizi. Sisimizi huwalinda ili waunywe. Ukiona msururu wao shinani, ufuate hadi mwisho. Vidung'ata hueneza pia virusi, hivyo usikate pingili za kupanda kwenye mzabibu wenye wadudu hao.

*Nyigu na nyuki.* Huzonga zabibu zilizoiva, hasa zilizopasuka. Vuna kwa wakati.

3. Ukaguzi wa kila wiki

1. Pita shamba kwa mshazari, ukague mizabibu 20, ya pembeni na ya katikati.
2. Kwa kila mmoja, tazama shina, upande wa chini wa majani matatu, na kichala kimoja.
3. Andika tarehe, wiki tangu kupogoa, hali ya mvua, na idadi ya mizabibu yenye kila mdudu.
4. Linganisha na wiki iliyopita. Mizabibu yenye mdudu ikiongezeka kutoka 2 hadi 6 kati ya 20, chukua hatua.

4. Hatua za kuchukua

- Wakati wa kupogoa, bandua magome yaliyolegea, uyatoe shambani pamoja na matawi yenye wadudu.
- Zuia sisimizi wasipande. Vidung'ata wakikosa walinzi, huliwa na maadui wao wa asili.
- Dawa iwe ya mwisho, iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA) kwa zao hili. Fuata kipimo cha kwenye kibandiko, pamoja na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Usipulize nyuki wakiwa kazini.
- Usipomtambua mdudu, mpeleke ndani ya chupa kwa afisa ugani au kituo cha Makutupora cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI).

Tunza daftari. Likifika upogoaji wa tatu, litakuonyesha wiki ambayo kila mdudu hubisha hodi shambani kwako.