Nomino za Kawaida na za Pekee kwa Kiingereza: Anzia Hapa Tunduma

Mwanafunzi anayeingia kidato cha kwanza huikuta kanuni hii mapema: nomino ya pekee huanza kwa herufi kubwa. Ni kweli, ila haimsaidii kuitambua nomino yenyewe. Neno lolote linaloanza sentensi lina herufi kubwa, na vibao vingi vya mjini Tunduma vimeandikwa kwa herufi kubwa tupu. Kwa hiyo tangulia na maana, herufi itafuata.

Hatua ya 1. Chukua daftari, uandike kwa Kiingereza vitu unavyoviona karibu na mpaka. Andika vyote kwa herufi ndogo kwanza, hata majina: lorry, driver, border, maize, nakonde, zambia.

Hatua ya 2. Uliza kila neno: wewe ni jina la aina, au ni jina alilopewa mmoja? Driver ni yeyote anayeendesha gari, na border ipo kila nchi inapokutana na jirani yake. Hizo ni nomino za kawaida. Nakonde ni mji ule wa ng'ambo ya mpaka, basi; upe herufi kubwa.

Hatua ya 3. Hakikisha kwa kutanguliza a au kuongeza wingi. Tunasema a lorry, two lorries. Hatusemi a Nakonde. Hapa kuna mtego: coffee na maize, mazao yanayojulikana sana Mbozi, kwa kawaida hayatanguliwi na a, kwa sababu hayahesabiki. Yajaribu kwa some. Some maize inakubalika, some Zambia haikubaliki.

Hatua ya 4, ya jina moja linalobebwa na vitu vingi, ndiyo inayostahili muda wako mwingi. Songwe ni mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, makao yake makuu yakiwa Vwawa. Songwe pia ni wilaya ndani ya mkoa huo. Ni mto unaotenganisha Tanzania na Malawi kabla ya kuingia Ziwa Nyasa. Tena ni uwanja wa ndege, nao uko Mkoa wa Mbeya. Kiingereza huzitofautisha kwa kuazima nomino ya kawaida na kuifanya sehemu ya jina: Songwe Region, Songwe District, the Songwe River, Songwe Airport. Ikiwa ndani ya jina, nomino hiyo hupata herufi kubwa. Ikisimama peke yake, huirudia herufi ndogo: We crossed the river. The region grows coffee.

Usidanganywe na the. Majina ya mito huitaka, ya maziwa huikataa: the Songwe River, lakini Lake Rukwa. Yote mawili ni nomino za pekee.

Hatua ya 5. Angalia fedha na magari, maana hapo hata makarani wazoefu huteleza. Zambia ina kwacha yake na Malawi ina yake, kwa hiyo kwacha ni nomino ya kawaida, sawa na shilling. Zote huandikwa kwa herufi ndogo. Zambian katika Zambian kwacha ni kivumishi, lakini kimetokana na jina la nchi, hivyo kina herufi kubwa. Scania ni jina la kampuni, na hubaki na herufi kubwa hata ukihesabu magari: two Scanias.

Hatua ya 6. Pitia masomo na siku. Mathematics na history ni herufi ndogo, English ni kubwa. Monday na January daima ni kubwa.

Sasa sahihisha sentensi hii: the driver from malawi parked his scania near the railway on monday and bought tanzanian shillings.

Herufi kubwa zinahitajika kwenye The, kwa kuwa inaanza sentensi, kisha Malawi, Scania, Monday na Tanzanian. Driver, railway na shillings zinabaki ndogo. Ungetaja reli hiyo kwa jina lake, the Tanzania-Zambia Railway, ndipo Railway nayo ingeandikwa kwa herufi kubwa.